Lamu: Ukishalitazama tanga, tazama na viganja vya mabaharia

Msomaji, ikiwa umeazimia kuipeleka jamaa yako Lamu likizo ya Desemba, nakuomba jambo moja tu: usikate tikiti ya kurudi nyumbani kabla ya mwaka mpya. Iache tarehe mosi Januari ikukute Shela, mchana, umesimama mchangani pamoja na watoto wa kijiji, akina mama waliojitanda buibui na watalii wenye kamera shingoni, nyote mkikodolea macho mkondo wa bahari unaokitenga kisiwa cha Lamu na kile cha Manda. Kwa miaka mingi siku hiyo imekuwa siku ya mashindano ya mashua. Ukiikosa, mashua hushindana pia wakati wa sherehe za Maulidi, na tena katika tamasha la utamaduni wa Lamu, ambalo kwa kawaida hufanyika mwezi wa Novemba. Lakini ya Januari yana ladha yake, kwa kuwa kaskazi imekwisha kukolea na haina mzaha.

Safari yenyewe siku hizi si adhabu kama ilivyokuwa. Basi kutoka Mombasa hupitia Malindi, Garsen na Witu, likakuteremsha Mokowe, mahali ambapo nchi kavu humalizika. Wale waliowahi kukwama kwenye matope ya Garsen wakati wa mvua watakuambia lami ni neema. Tangu mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014, safari za barabara hiyo zimekuwa na masharti ya usalama, kwa hiyo ulizia hali ilivyo kabla ya kuondoka. Mwenye uwezo hupanda ndege, lakini naye asijidai sana, kwa sababu uwanja wa ndege uko Manda na mji uko ng'ambo. Tajiri na maskini wote huingia Amu, kama wenyewe wanavyouita mji wao, kwa chombo cha majini. Hapo gatini ndipo utakapopewa jaketi la kuokoa maisha. Livae na ulifunge vifungo vyote, wala usilikalie kama mto. Nitalirudia jambo hili.

Mengine ya Lamu huenda umekwisha kuyasikia: mji wa kale wa mawe ya matumbawe na boriti za mikoko, uliotiwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, vichochoro ambamo watu wawili na punda mmoja hawapitani bila kupeana nafasi, milango ya nakshi, halua, magofu ya Takwa huko Manda. Yote hayo yanastahili kuonwa, na yameandikwa sana. Mimi leo nataka kukuonyesha kitu ambacho picha za kadi za posta hazikionyeshi. Nataka uutazame mwili wa mtu anayeshindana juu ya maji, na uone unachodaiwa na kamba, upepo na jua.

Kwanza ijue mashua. Nyingi za visiwa hivi zimeundwa na mafundi wa hapa hapa, na kijiji cha Matondoni, upande wa pili wa kisiwa cha Lamu, ndicho kinachosifika zaidi kwa kazi hiyo. Ukienda huko kwa miguu au kwa punda, utamkuta fundi akichonga mbao kwa tezo, bila mchoro wowote, vipimo vyote vikiwa kichwani mwake. Mashua hiyo ina tanga moja la pembe tatu. Tanga limefungwa kwenye mti mrefu uitwao foromali, na foromali hupandishwa kwa kamba ya henza juu ya mlingoti ulioinamia mbele kidogo. Kamba inayoizuia pembe ya nyuma ya tanga ni demani. Anayeishika demani ndiye anayeushika upepo, na nahodha ameketi nyuma na usukani.

Chini, karibu na ngama, kuna farumi, yaani uzito wa kuituliza mashua. Siku za mashindano watu hupenda magunia ya mchanga, kwa sababu gunia laweza kuhamishwa upesi kutoka ubavu hadi ubavu. Na juu ya yote kuna ubao. Ni ubao mrefu unaosukumwa nje ya mashua upande unakotoka upepo. Upepo unapolilalia tanga na mashua ikaanza kulala ubavu, mabaharia huupanda mmoja mmoja, wakajipanga hadi ncha, wakiwa nje kabisa ya chombo, na maji yakipita kwa kasi chini ya nyayo zao. Hesabu yake ni ile ya pembea ya watoto. Mtu wa kilo 70 aliye mita mbili kutoka katikati ya mashua anafanya kazi sawa na watu wawili kama yeye walio mita moja. Ndiyo maana nahodha hampendi baharia anayeogopa kwenda nchani.

Ukiwa ufukweni yote hayo ni raha tupu. Tanga jeupe limejaa, watu wamening'inia hewani kama popo, vijana wanashangilia. Basi ngoja wafike kwenye boya la kugeukia.

Kubisha, yaani kuigeuza mashua ili upepo uingie upande mwingine, ni kazi inayotaka kila mkono uliopo. Demani huachiwa na tanga likapigapiga kama radi. Foromali huvutwa ikasimama wima na kupitishwa mbele ya mlingoti kwenda upande wa pili. Walio kwenye ubao hurudi ndani kwa kutambaa, ubao ukavutwa na kusukumwa upande mpya, magunia yakahamishwa, mwingine akikumba maji kwa upo bila kuinua kichwa. Demani hukamatwa tena, na kabla hujahesabu pumzi chache tanga limejaa upya na watu wako hewani. Nahodha anapiga kelele, kila mtu anapiga kelele. Katika purukushani hiyo ndipo watu wengi huumia, si pale nchani kwenye ubao ambako sisi watazamaji tulidhani pana hatari.

Viganja ndivyo vya kwanza. Zamani kamba za vyombo zilikuwa za makumbi ya nazi au za katani, zikachubua polepole. Siku hizi ni za nailoni na plastiki, ambazo hazioti ukungu wala hazioni huruma. Tanga likijazwa ghafla na kamba ikapita ndani ya ngumi iliyofungwa, msuguano huzaa joto, na joto hilo huunguza ngozi kama pasi. Jeraha la namna hiyo ni mchubuko na moto kwa pamoja, kisha linamwagiwa maji ya chumvi. Baharia mzoefu ana sugu ngumu za kumkinga, lakini sugu nayo ikipasuka hupasuka hadi kwenye nyama. Kibaya zaidi ni kuizungusha kamba mkononi ili isiteleze. Mchana wa siku moja pale gatini Amu nilimwamkia mzee mmoja aliyewahi kushindana ujanani, tukazungumza, na macho yangu yakawa yanarudi mkononi mwake. Nilipomuuliza, kwa adabu, ni lini bahari ilimjeruhi kidole, aliniuliza ninamaanisha kidole kipi. Kisha akacheka, akaagiza kahawa nyingine.

Baada ya viganja, kiuno. Kunyanyua gunia la mchanga uliolowa huku umeinama, kisha ukageuka nalo kiunoni bila kuhamisha miguu, ndilo jambo ambalo daktari yeyote wa mifupa angekukataza. Baina ya pingili za uti wa mgongo mna gegedu laini za kupokea mishindo, na mzigo unaopinda na kusokota kwa wakati mmoja huzibana upande, mpaka siku moja hutokeza na kugandamiza mshipa wa fahamu. Mtu huanza kulalamika mguu, kumbe ugonjwa uko mgongoni. Bega nalo hulipa. Aliyening'inia kwenye ubao akiwa ameshika kamba kwa mkono mmoja, mashua ikagonga wimbi, uzito wote wa mwili wake hupita kwenye kiungo hicho, na bega ndicho kiungo kikubwa chepesi zaidi kuteguka mwilini.

Kichwa sina haja ya kukieleza sana: kuna foromali, kuna kapi za mbao, na kuna mtu aliyesahau kuinama. Ila hili lifahamike, hata kwa mtoto wako anayecheza mpira mtaani. Aliyegongwa kichwa, kisha akatapika, au akawa anauliza swali lile lile mara tatu, au akasinzia isivyo kawaida, si wa kumwagiwa maji na kuambiwa apumzike. Huyo ni wa hospitali, saa hiyo hiyo.

Jambo ambalo halipigiwi kelele, kwa sababu halimwagi damu, ni macho. Tazama nyuso za wavuvi na mabaharia wenye umri wa makamo katika mwambao wetu. Wengi wana kinyama chekundu kinachoota kwenye weupe wa jicho upande wa pua na kujongea polepole kuelekea mboni. Si laana wala si mtoto wa jicho. Ni jua la miaka mingi, likipiga kutoka juu na tena kutoka chini linapoakisiwa na maji, likisaidiwa na upepo na chumvi. Kikifika mbele ya mboni huzuia kuona, na daktari hulazimika kukikata. Miwani ya jua iliyo nzuri na kofia yenye ukingo mpana husaidia kukikinga. Bahati mbaya kofia za kushonwa kwa mkono, ambazo Lamu inajivunia na zina haki ya kujivuniwa, hazina ukingo hata kidogo.

Kamba ile ile, mtu mwingine

Sasa geuza macho. Katika mkondo huo huo wa Shela, siku ambayo upepo haujaamka na maji yametulia kama mafuta kwenye sahani, huenda ukaiona motaboti ikimvuta mtu aliyesimama juu ya maji kwa mbao mbili miguuni, au ubao mmoja. Ndiyo skii ya majini. Kwa wageni wa mahoteli ni burudani ya asubuhi. Kwengineko duniani ni mashindano makali yenye mabingwa wake.

Mchezo huo una umri wa miaka mia moja na ushei. Ulianzishwa mwaka 1922 na kijana wa Marekani wa miaka 18, Ralph Samuelson, katika ziwa Pepin jimboni Minnesota. Mbao alizitengeneza mwenyewe, akazikunja ncha kwa mvuke, kazi ambayo nadhani fundi wa Matondoni angeikagua na kuitolea kasoro. Mwaka 1972 ulionyeshwa katika michezo ya Olimpiki ya Munich, bila kuhesabiwa medali zake. Katika mashindano kuna aina tatu: kupita kwa kupindapinda baina ya maboya, kufanya mizungusho ya ustadi, na kuruka kutoka kwenye jukwaa lililoinama. Wanaume katika maboya huvutwa na motaboti iendayo kilomita 58 kwa saa, na kila wanapofaulu, kamba yao hufupishwa mpaka washindwe. Lakini mwenye mbao haendi kwa mwendo wa motaboti. Ili alifikie boya lililo upande wa pili, hulazimika kwenda kasi zaidi ya chombo kinachomvuta, kisha ajizuie ghafla, ageuke, aanze upya, mara sita. Wanaoruka, walio bora kabisa, wamepita mita 75 hewani kabla ya kuyagusa maji tena.

Umeshaona ninakoelekea. Huyu naye ameishika kamba. Naye mgongo wake umeinama nyuma kuushindana uzito unaomvuta, viganja vina sugu, bega na kiuno vinabeba kazi. Fizikia haijui nani mgeni na nani mwenyeji. Ila mwenye skii ana majeraha yake ambayo baharia wa mashua hayajui, na kwa kuwa huenda wewe au kijana wako mkashawishika kuujaribu mchezo huo, acha nikae hapo kidogo.

Anayejifunza skii huanzia ndani ya maji. Huelea na jaketi lake, ncha za mbao zikiwa juu, magoti yamekunjwa kifuani, mikono imenyooshwa kuelekea kwenye kamba. Motaboti inapoondoka, kazi yake ni moja tu: kukaa vile vile alivyojikunja na kuiacha mashine imwinue. Lakini mwanadamu ana haraka. Maji yanapomsukuma kifuani huogopa, akanyoosha magoti kabla ya wakati huku kiwiliwili kikivutwa mbele. Hapo musuli mkubwa wa nyuma ya paja, ambao umeanzia kwenye mfupa tunaoukalia na kushuka hadi chini ya goti, huvutwa kutoka ncha zote mbili kwa pamoja. Kano yake yaweza kung'oka kutoka kwenye mfupa. Waliofikwa na jambo hilo husema walisikia kitu kikikatika matakoni kama kamba. Kukaa huwa mateso, na baada ya siku mbili tatu weusi wa damu hushuka pajani hadi karibu na goti. Watu hukandwa kwa maji ya moto wakiamini ni kubanwa na misuli, miezi ikapita. Usikubali. Kama kano imeng'oka kabisa na upasuaji ukahitajika, ni rahisi zaidi katika majuma ya mwanzo kuliko baadaye, wakati kano imekwisha kujikunja na kushikamana na nyama nyingine.

Kuanguka nako si kuanguka kwenye godoro. Maji yakipigwa kwa kasi huwa magumu. Ukiangukia ubavu, yanaweza kukipasua kiwambo cha sikio. Utahisi maumivu makali, kizunguzungu, na usikivu kupungua. Sikio hilo lisitiwe mafuta wala dawa yoyote mpaka daktari alitazame, na lisiingie maji tena. Wanawake, na wanaume pia, huvaa suruali fupi nzito ya mpira, na sababu yake ni ya maana: maji yanayoingia mwilini kwa nguvu kutoka chini hujeruhi vibaya sehemu za siri. Ni jambo la aibu kulitaja mezani, najua, lakini ni afadhali lisomwe hapa Jumapili kuliko kujulikana hospitalini. Na kamba, kama ilivyo kwenye mashua, isizungushwe mkononi wala kidole kisipenyezwe kwenye kitanzi cha kishikio. Unapohisi umeshindwa, iachie tu. Wanaovutwa kifudifudi majini kwa kuing'ang'ania kamba ndio hurudi ufukweni na bega lililoteguka.

Kabla ya kulipa pesa zako, itazame motaboti. Wawe ndani watu wawili, mmoja wa kuendesha akitazama mbele na mwingine wa kukutazama wewe tu. Mwenye kufanya kazi zote mbili anakuchezea maisha. Kubalianeni ishara za mkono: gumba juu ni ongeza mwendo, gumba chini ni punguza, mkono ukipitishwa kooni ni zima mashine. Ukianguka na u mzima, inua mikono juu ya kichwa wakuone. Usikaribie nyuma ya motaboti kabla panka yake haijasimama. Na yote hayo yafanyike asubuhi na mapema, maji yakiwa yamejaa, kabla kaskazi haijaanza kuyachafua. Maji yakipwa, mkondo hukazana na mafungu huwa karibu.

Wenye jaketi na wasio nalo

Hapa ndipo penye tofauti inayonikereketa. Katika skii ya mashindano kila hatua imeandikiwa kanuni. Wanaopita maboya na wanaoruka huelea kwa vivazi maalumu, anayeruka ana kofia ngumu kichwani, na katika motaboti mna macho ya ziada. Bingwa akiumia kiuno hupumzika msimu mzima, akahudumiwa na mtu aliyesomea kukanda viungo. Hata mtalii anayejaribu kwa dakika kumi pale Shela huvishwa jaketi kabla ya kuguswa na maji.

Lakini geuka uitazame mashua iliyopita mbele yako na kushangiliwa. Mabaharia wengi wamevaa fulana na kaptura, au kikoi kilichopigwa mafundo, basi. Wenyewe wana hoja zao na si hoja za kijinga. Jaketi nene huwazuia kuinama chini ya foromali, hukwama kwenye kamba, hutia joto. Isitoshe, wamezaliwa majini, na kuogelea kwao ni kama kutembea. Sina ubishi juu ya kuogelea kwao. Ila mtu aliyegongwa kichwa na foromali akaangukia majini haogelei, awe amezaliwa Kizingitini au Kisumu. Na siku hizi kuna jaketi nyembamba, zilizotengenezwa kwa ajili ya watu wa matanga, ambazo hazizidi unene wa fulana mbili tatu za baridi. Mamlaka ya Bahari ya Kenya, iliyoanzishwa mwaka 2004, kazi yake ni pamoja na usalama wa vyombo na mabaharia. Waandalizi wa mashindano na wafadhili wanaochapisha majina yao kwenye matanga wangeweza kuchapisha majina hayo hayo kwenye majaketi. Tanga huonekana mbali zaidi, nakubali.

Kuna jambo zito kuliko jaketi, nalo ni kesho yake. Kwa mwenye skii, mchezo ni mchezo. Kwa baharia wa Lamu, viganja anavyovitumia kushindana ndivyo anavyovitumia kula. Mashua nyingi zinazoshindana hufanya kazi siku nyingine zote: kuvusha watu, kubeba mizigo, kuvua, kuwatembeza watalii hadi Takwa na kuwachomea samaki. Zawadi ya ushindi, hata ikiwa nono, hugawanywa baina ya wengi. Kiganja kilichochunwa tarehe mosi hakina likizo tarehe mbili.

Tiba ya kwanza ya jeraha la kamba haihitaji utajiri. Lioshwe kwa maji mengi safi na sabuni, lifunikwe kwa kitambaa safi, na mwenyewe aende akaulizie sindano ya pepopunda. Dawa ya meno, jivu na mafuta ya taa viachwe dukani. Kwa mshipa uliovutika au kifundo kilichoteguka Lamu ina bahati yake, kwa sababu barafu ya kuhifadhia samaki haikosi gatini. Ifunge kwenye kitambaa, uiweke kwa dakika 15 hadi 20, uiondoe, urudie baada ya saa mbili tatu. Aliyechomwa na mwiba wa taa alipokuwa akisukuma mashua kwenye maji mafupi atiwe mguu katika maji ya moto kadiri anavyoweza kuvumilia bila kuungua; joto huipoza sumu hiyo kuliko chochote kilichomo kwenye sanduku la dawa. Na aliyezama akatolewa hapumui, usimbinue wala usimkandamize tumbo ili atapike maji. Kila dakika ya kufanya hivyo ni dakika ya ubongo kukosa hewa. Mpulizie pumzi mdomoni tangu mwanzo, kisha kifua kikandamizwe, na mtu mwingine akimbie kuita msaada.

Msaada wenyewe una jiografia yake. Hospitali kubwa ya kaunti, King Fahd, iko katika mji wa Amu. Aliyeumia Shela hupelekwa kwa boti, na si safari ndefu. Lakini mashua huwa na mabaharia kutoka visiwa vingine, na mazoezi yao huyafanyia kwao. Mtu akivunjika mfupa wa paja karibu na Ndau au Kiwayu ana bahari ndefu mbele yake kabla ya kumfikia daktari wa upasuaji, na kama maji yamekupwa, njia nyembamba baina ya Manda na bara humlazimu nahodha kungoja. Katika mji wa kale nao, vichochoro vile tunavyovipiga picha haviingii gari la wagonjwa. Ndiyo maana huko mwambao mtu hupima hatari kwa saa za kujaa na kupwa kwa maji, ambapo sisi wa mijini tungeipima kwa kilomita.

Haya yote siyasemi ili ukae nyumbani. Nenda. Wapeleke watoto, na uwanunulie viazi karai wakiwa wanangoja mashua zitokeze. Wafundishe kuitambua foromali na demani. Majina hayo ni mali yao pia, hata kama wamekulia Buruburu au Kariakoo. Chukueni kofia pana, maji ya kunywa mengi kuliko mnavyodhani, na msimame mahali ambapo mtaona boya la kugeukia badala ya mstari wa mwisho.

Na ikitokea kwamba asubuhi ya tarehe mbili mmekodi mashua ya kuwapeleka Takwa, mkamtambua nahodha kuwa ni wa wale walioshangiliwa jana, mpongezeni kwa maneno. Kumpa mkono, mpeni polepole. Huenda mkaona kitambaa kimezungushwa kwenye kiganja cha kulia, na demani ikiwa imeshikwa kwa kushoto.